Maji ya Mvua kwa Sakafu ya Pascal

Bukavu, tarehe 6 Februari 2000

Tantine wangu Clémence,

Tumsifu Yezu Kristu. Nakusalimu wewe na Koko Bibiane huko Kalehe, na umwambie Koko kwamba mjukuu wake bado hajaolewa, apumzike kuuliza walau mwezi mmoja. Sisi hapa Ibanda tuko. Kaka yako, ami yangu Tonton Edouard, goti linamwuma lakini mdomo wake ni mzima kabisa. Mvua inanyesha kila siku baada ya saa nane, kisha ukungu unapanda kutoka ziwani mpaka kwenye madirisha. Saa hizo nakaa sebuleni kwako bila kufungua redio, nikiona nyumba nzima imeinuka kidogo na inaelea pamoja nami. Unanijua, tangu utotoni nalala macho wazi.

Pascal hajaandika. Tangu ile karatasi aliyompa rubani mwezi wa Novemba, kimya. Kwenye fonia, redio ya upepo ya misheni, wanasema ndege ya dawa haijatua tena Shabunda, na njia za miguu zimeshikwa na wenye bunduki wa kila jina. Lakini mwanao aliniahidi pale mlangoni, begi lake la uuguzi begani: "Ku Pasaka niko hapa, Aurore. Unipikie sombe, na pilipili usinihurumie." Basi mimi nahesabu kwenda Pasaka.

Kilichonishikisha kalamu ni sakafu yako. Bomba limekauka tangu Krismasi na sasa tunachota maji ziwani. Ile saruji nyekundu, ambayo zamani mtu aliweza kuinama akajiona meno, imevaa utando mweupe. Nikiipangusa Jumamosi inapendeza ikiwa mbichi. Ikikauka tu, weupe unarudi. Nimeongeza sabuni ya unga. Nikaongeza tena. Sasa hata ndala zinanata, ukitembea unasikia kwa, kwa, kwa, mpaka Tonton Edouard anauliza kama tumefuga bata.

Nataka Pascal akirudi aikute nyumba aliyoiacha. Wewe uliwafundisha kazi hiyo nusu ya wasichana wa mji huu, na mimi mtoto wa kaka yako uliniacha bure. Nifundishe.

Mtoto wako,
Aurore

*

Kalehe, tarehe 20 Februari 2000

Aurore mwanangu,

Na atukuzwe milele. Barua yako Maombi, yule mwanamke wa soko anayevuka na boti, aliileta ndani ya kapu la samaki wa sambaza, nikaisoma na harufu yake yote. Koko Bibiane yuko, anakula, anagombana na jogoo wa jirani na mara nyingi anashinda. Kuhusu ndoa anasema mwezi mmoja ni mrefu, anakupa wiki mbili. Maharage yameota vizuri. Mchana, nikimaliza shamba, naegemea ukuta na kulitazama ziwa mpaka sijui kama nimelala. Usidhani ugonjwa wako wa macho wazi uliuokota njiani.

Nilicheka, samahani. Mtu mwenye diploma ya usekretari ameshindwa na ndoo!

Sikiliza. Maji ya ziwa letu na sabuni havijawahi kupatana. Maji yale yana chumvi yake. Ukitia sabuni haitoi povu, wewe unadhani haitoshi, unaongeza, na hiyo uliyoongeza ndiyo utando unaouona. Hukusafisha, mwanangu, ulipaka. Kosa hilo kila msichana wa internat, lile bweni la shule, alilifanya wiki ya kwanza, na miaka ishirini na sita niliyosimamia usafi pale sikumfukuza hata mmoja kwa ajili yake.

Weka mapipa chini ya paa. Mvua ya kwanza, robo saa, iache iende, inaosha mabati. Inayofuata kinga. Siku ya kazi ondoa viti vyote, vyote, si kuvisukuma pembeni. Fagia mara mbili. Kamulia limau tatu kwenye ndoo ya maji ya mvua, pangusa bila sabuni hata chembe, uache dakika chache, ule weupe utalainika. Kisha chukua ndoo mbili. Moja ina maji na kipande kidogo cha sabuni kilichokatwa na kuyeyushwa, ya pili ina maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Kitambaa kiwe cha pamba iliyochakaa, shuka la zamani ndilo bora. Kikamue mpaka kilie. Watu wanadhani maji mengi ndiyo usafi. Maji mengi ni kuhamisha uchafu. Anza dirishani urudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, usijifungie ndani kwa maji yako mwenyewe. Ukishindwa kuona kitako cha ndoo, mwaga, weka mengine. Mwisho pitisha kitambaa kikavu.

Kuhusu Pascal usijitese. Yule hata tumboni mwangu alichelewa wiki mbili, daktari akatoka jasho, yeye hakuwa na habari.

Nakubusu,
Tantine Clémence

*

Bukavu, tarehe 19 Machi 2000

Tantine mpenzi,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, na Koko yuko karibu nawe. Kama umesimama, tafadhali kaa.

Habari ya namna hii haiandikwi, najua. Inabebwa na mtu mzima, anaingia, anavua kofia, anaomba maji kwanza. Tonton Edouard alitaka kuja mwenyewe. Alikwenda bandarini siku tatu mfululizo na goti lake, akarudishwa, kwa sababu siku hizi wanaruhusu wanawake wa soko peke yao kupanda boti. Barabara nayo imefungwa. Mimi ofisi imenikatalia ruhusa. Kwa hiyo nimekaa mezani pako tangu asubuhi, na kalamu hii inanichukia.

Jumanne alifika hapa kijana anayeitwa Chrispin, muuguzi mwenzake Pascal kwenye zahanati ya kule. Ametembea siku ishirini na mbili msituni. Miguu yake sitaki kuieleza. Alisimama kizingitini, akakataa kiti, akasema: "Miye natoka Shabunda. Nilikuwa na Pascal. Pascal alishafwa, mama. Ni homa, siku tano tu, na dawa ilikuwa ilishaisha. Tulimuzika nyuma ya dispensaire, tarehe kumi na saba ya mwezi wa pili."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Sikuthubutu kuyapunguza.

Tantine, mimi sijui nikufariji namna gani, wewe ndiye unayenifariji siku zote. Nalia nikiwa naandika, utaona mwenyewe kwenye karatasi. Ukoo umekutana kwa Tonton Edouard. Wote wanataka kufungua matanga, lakini kwetu matanga ya mtoto hayafunguliwi kama mama yake yu hai na hajasema neno. Tunangoja neno lako. Hatujalia kwa sauti. Watu wanapita barazani, wananisalimia kwa kunong'ona, wanarudi kwao wakiwa na kilio chao tumboni.

Na ile sakafu. Nilifanya ulivyosema, na limau, na ndoo mbili. Weupe umeondoka karibu wote, umebaki kona ya kabati. Lakini baada ya kukauka bado ina ubaridi na unyevu fulani. Mikeka itatandikwa pale, watu watalala chini siku tatu, wengine ni wazee. Nifanye nini ikauke kabisa?

Ninakushika sana,
Aurore

*

Kalehe, tarehe 9 Aprili 2000

Aurore mwanangu,

Nakusalimu. Barua yako ilichelewa kwa sababu boti zilisimama, Maombi akakaa nayo wiki mbili nzima. Hapa mvua imezidi. Koko Bibiane alikuwa na kikohozi, sasa anapumua vizuri. Maharage yaliyo karibu na kijito yamelala chini.

Umeniuliza kuhusu unyevu. Unyevu hautoki kwenye maji uliyomwaga, unatoka chini ya saruji, msimu huu ardhi imejaa maji. Fungua milango miwili inayotazamana, asubuhi, kabla ya ukungu kupanda, siyo jioni. Ukifungua jioni unaualika ndani. Pangusa kidogo kila siku mbili badala ya sana mara moja kwa wiki. Ile kona ya kabati, sogeza kabati, usiwe mvivu, nyuma yake kuna vumbi la miaka linalofyonza maji. Nta ipake ikiwa imekauka siku nzima, nyembamba, kwa mkono, kisha sugua na kipande cha blanketi. Sakafu iliyopakwa nta nene huteleza, na Pascal ana tabia ya kuingia akikimbia.

Pasaka ni wiki mbili zijazo. Tandika kitanda chake. Shuka la buluu liko kwenye sanduku langu, upande wa kushoto, chini ya vitambaa vya kanisa.

Sijui kama nilikuambia habari za Firmin wa hapa juu. Mwaka wa tisini na saba, katika vita ile ya kwanza, walikuja watu wawili wakasema wamemwona amekufa njiani kwenda Walikale. Watu wawili, si mmoja. Matanga yakafanywa, mke akanyolewa, nguo zikagawanywa. Mwezi wa nane Firmin akaja akitembea na miguu yake, mwembamba lakini mzima, akamkuta mdogo wake amevaa koti lake. Mpaka leo hawasalimiani vizuri. Mkewe ananiambia kila akimwangalia anapokula, anasikia aibu, kwa sababu alimwacha afe mapema.

Mapasaka mema kwenu wote. Msalimie kaka yangu. Mwambie goti alikande na maji ya moto na majani ya mkaratusi.

Tantine Clémence

*

Bukavu, tarehe 30 Aprili 2000

Tantine,

Nakusalimu. Sisi ni wazima. Koko nampa pole kwa kikohozi.

Pasaka imepita. Shuka la buluu nililitandika, kwa sababu uliniambia. Nilipika sombe pia, kwa sababu mimi ni mjinga. Nilikaa mezani mpaka jua likaingia upande wa pili wa nyumba, sakafu ikawaka yote nyekundu, safi, kavu, ndivyo ulivyotaka iwe, na hakuna mtu aliyeingia akikimbia.

Nimekukasirikia. Naandika hivyo nikijua wewe ni mama yangu na hili halisemwi. Nilikuuliza kuhusu mwanao ukanijibu kuhusu kabati. Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta jina lake mahali pa kweli, nikalikuta limejificha kwenye nta. Tonton Edouard anasema tusingoje tena. "Mama yake anaogopa," alisema, "na sisi tutangojea woga yake mpaka lini?" Wajomba wawili walikuja Jumapili na mikeka begani. Nilisimama mlangoni nikawaambia hapana, mpaka Tantine aseme. Waliondoka wamenuna. Sijui nitasimama hivyo mara ngapi.

Usiku uliofuata nilimwota. Yaani sijui kama niliota, unajua nilivyo. Nilikuwa nimemaliza kupangusa, sakafu mbichi kabisa, naye akatoka chumbani kwake peku, akavuka sebule polepole kwenda barazani. Nikamwambia, angalia, utaacha alama. Akacheka. Niliinama kutazama, hakukuwa na alama hata moja. Nikaamka.

Umeniletea habari za Firmin, nimekuelewa. Nami nikamwita Chrispin tena, nikamkalisha, nikamwuliza kama wakili: alimjuaje, alikuwa na sura gani, labda ni Pascal mwingine. Majina yanafanana, vita inachanganya watu. Hakukasirika. Aliniambia habari ndogondogo za kule, nyingi, na moja naiandika kwa sababu ilinishangaza. Dispensaire ile haikuwa na vitanda, kila kitu kilikuwa kimeibwa. "Bagonjwa balikuwa banalala chini, ku sakafu ya sima," alisema. "Na yee ndiye alikuwa anapanguza, kila asubui, na maji ya mvua, ndoo mbili. Akimaliza anapiga magoti, anaweka shavu yake pale chini, anafunga macho, anangojea. Kama shavu inatoka na maji, anarudilia. Banamama balikuwa banamucheka, banasema huyu ni muganga wa namna gani? Yee hakujali. Anasema mukono inadanganya, shavu haidanganye."

Mimi nimeishi na Pascal nyumba moja miaka tisa, sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Kama siye, niambie siye, nitatandika shuka mpaka Pasaka nyingine. Lakini niambie.

Aurore

*

Kalehe, tarehe 14 Mei 2000

Aurore mwanangu,

Salamu nitazileta mwenyewe.

Barua yako imekaa mapajani mwangu tangu juzi. Koko Bibiane aliniuliza mara moja tu, akaniangalia usoni, hakuuliza tena. Alikuja akakaa chini karibu yangu, na mgongo wake ule mbovu, tukatazama ziwa wote wawili. Kulikuwa na mvua upande wa kisiwa cha Idjwi na jua upande wetu.

Pascal alikuwa na miaka sita. Baba yake alikuwa ameshaondoka, na wakati wa likizo sikuwa na wa kumwachia, nikawa namchukua kazini. Mabweni yalikuwa matupu, vitanda vimekunjwa, sakafu ndefu mpaka macho yanachoka. Mikono yangu wakati ule ilikuwa imekufa kwa maji baridi na dawa, ilikuwa haisikii tena kama kitu ni kibichi au kikavu. Nikamwambia, mutoto, wewe unikopeshe shavu lako. Akalala chini akaliweka. "Bado, mama." Napitisha kitambaa tena. "Bado." Napitisha tena. "Sasa imekauka." Ukawa mchezo wetu. Siku nyingine alisinzia palepale, nami nilimzunguka kwa kitambaa nisimwamshe, nikamaliza bweni zima yeye yuko katikati.

Alipoanza shule wenzake walimcheka kwamba anafanya kazi ya wasichana, akaniomba nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Sikumwambia Koko, wala Edouard, wala wewe. Wasichana wangu wote mia ngapi sijui niliwafundisha ndoo mbili, limau, na kurudi kinyumenyume, lakini la shavu sikumfundisha yeyote. Lilikuwa letu.

Akina Pascal ni wengi, mwanangu. Wauguzi nao wengi. Shavu lile ni moja.

Umenikasirikia na ulikuwa na haki. Nilijua tangu barua ya Machi. Mama anajua, aliyesema hajui anadanganya. Lakini nilifikiri hivi: bado hajafa kabisa maadamu mimi sijasema, na siku nitakayosema ndiyo siku nitakayomzika kwa mdomo wangu. Nikakuandikia habari za nta. Nikakuacha wewe peke yako mlangoni, msichana mmoja, na wajomba na mikeka yao. Unisamehe. Woga wangu ulikula heshima yako.

Maombi amezungumza na watu wa boti, nitapanda Alhamisi katikati ya wanawake wa soko, na kapu langu la sambaza ili nifanane nao. Koko atabaki na jirani. Msalimie Chrispin, asiende kwao kabla sijafika. Nataka nimwoshe miguu na nimsikilize tangu mwanzo, na zile habari ndogondogo zote asinifiche hata moja.

Sebule msiiguse. Hata kama imejaa matope ya wageni, iacheni. Watu wakae barazani mpaka nifike. Mahali watakapolala waombolezaji wa mwanangu nitapangusa mimi, nami nitapiga magoti niweke shavu langu, kwa sababu aliyekuwa akiniwekea hayupo.

Ila kulia msiningoje. Neno mlilokuwa mnalitaka ni hili, nimeliandika kwa mkono wangu nikiwa na akili zangu: Pascal, mwanangu, amekufa. Waambie walie.

Mama yenu,
Clémence